Nafasi ipo, lakini itakuwapo ukifika? Jinsi habari za maegesho zinavyomwongoza dereva wa Mombasa bara

DEREVA anayetoka Ukunda au Ng'ombeni alfajiri kuelekea kazini katika kisiwa cha Mombasa hana budi kuamua jambo moja zito kabla hajafika Likoni. Je, apange foleni ili avuke na gari lake, au aliegeshe upande wa bara, avuke bure kwa miguu pamoja na maelfu ya wenzake, kisha apande matatu au tuktuk hadi afisini? Na iwapo ataamua kuvuka nalo, ataliacha wapi mjini?

Mwenzake wa Kisauni hukabiliwa na swali kama hilo kabla ya kulifikia Daraja la Nyali. Naye dereva wa trela linaloelekea bandarini hulitafakari akiwa Miritini au Changamwe, mahali ambapo kugeuza gari refu si mchezo.

Maamuzi yote haya yanategemea kitu ambacho dereva hawezi kukiona kutoka alipo: nafasi iliyo wazi mbele ya safari. Kwa sababu hiyo, miji mingi duniani imewekeza katika mifumo ya kuwaarifu madereva papo kwa papo kuhusu nafasi za maegesho. Hata hivyo, tajriba ya miji hiyo imedhihirisha kwamba habari peke yake haitoshi. Habari sahihi iliyochelewa humpotosha dereva, na habari sahihi iliyowafikia watu wote kwa wakati mmoja huweza kuuhamisha msongamano badala ya kuupunguza.

Kwa mkazi wa bara, suala hili si la starehe ya wenye magari pekee. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani, na ambulensi inayotoka Likoni, Kisauni au Changamwe hutumia njia zile zile zinazosongwa na magari yanayotafuta pa kusimama.

Milango mitatu ya kisiwa

Kisiwa cha Mombasa huingiwa na magari kupitia milango mitatu mikuu. Kaskazini kuna Daraja la Nyali, ambalo lilijengwa mwaka wa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kale lililoelea majini tangu 1931. Magharibi kuna njia ya Makupa inayotoka Changamwe, ambako daraja jipya lilifunguliwa mwaka wa 2022. Kusini hakuna daraja la magari linaloingia kisiwani moja kwa moja; kuna kivuko cha Likoni, ambacho kwa miaka mingi kimetajwa kuwa kikivusha watu wapatao 300,000 na magari takriban 6,000 kwa siku.

Takwimu hizo zinafafanua mengi. Kwa kila gari moja linalovuka, watu wapatao 50 huvuka. Wengi wa wakazi wa kusini, kwa hivyo, tayari wamekubali kwamba kuvuka kwa miguu ni nafuu kuliko kuvuka na gari. Mwenye gari anayejiunga nao anahitaji kitu kimoja tu: mahali salama pa kuliacha gari lake Likoni.

Barabara ya Dongo Kundu imeongeza njia ya nne ya kufikiria. Sehemu yake ya kwanza, kati ya Miritini na Kipevu, ilifunguliwa mwaka wa 2018. Sehemu zilizosalia, ambazo zinapita juu ya bahari kwenye madaraja ya Mwache na Mteza hadi Kibundani katika barabara ya Likoni kuelekea Ukunda, zilikuwa zimefunguliwa kwa magari kufikia 2024. Sasa dereva wa Pwani Kusini anaweza kuikwepa feri kabisa, akazunguka hadi Miritini na kuingia mjini kupitia Changamwe. Safari ni ndefu na petroli huenda zaidi, lakini hangoji chombo cha majini.

Anachopima dereva

Watafiti wa uchukuzi wanaeleza kwamba dereva hachagui maegesho kwa kuangalia ada pekee. Yeye hujumlisha mambo manne, aghalabu bila kujua kwamba anapiga hesabu: pesa atakazolipa, muda wa kutafuta nafasi, mwendo wa kutembea kutoka garini hadi aendako, na hatari ya kukuta hakuna nafasi. Katika miji yetu kuna la tano, nalo ni usalama wa gari lenyewe. Uga ulio na bawabu huweza kumvutia dereva hata kama uko mbali zaidi na una ada ya juu.

Habari za papo kwa papo hugusa mawili kati ya hayo: muda wa kutafuta na hatari ya kukosa. Hazipunguzi ada wala hazifupishi mwendo wa kutembea. Ndiyo maana dereva anayejua kwamba kuna nafasi tele mahali fulani bado anaweza kupita akaenda kubahatisha karibu na afisi yake.

Aidha, wageni na wenyeji hawatumii habari kwa namna moja. Mwenyeji anayeegesha pale pale kila siku huenda kwa mazoea, na huacha mazoea hayo tu anapoona ishara ya jambo lisilo la kawaida. Mgeni, kwa mfano anayetoka bara ya mbali kuelekea Diani wakati wa likizo ya Desemba, hana mazoea ya kutegemea, hivyo hufuata bango, simu au maneno ya watu. Mfumo unaowahudumia wote wawili hauna budi kumweleza mgeni pa kwenda na kumwonya mwenyeji kwamba leo si kama jana.

Nafasi huhesabiwaje?

Jiji la Aachen nchini Ujerumani ni miongoni mwa miji iliyotangulia kuweka mabango ya kuwaelekeza madereva kwenye maegesho yenye nafasi, mapema katika miaka ya 1970. Tangu wakati huo, mbinu za kuhesabu zimekuwa za aina nne.

Ya kwanza ni kuhesabu langoni. Kila gari linaloingia hupunguza nafasi moja, na kila linalotoka huongeza moja. Mbinu hii ni rahisi na hufaa sana kwa uga ulio na lango moja. Udhaifu wake ni kwamba makosa hulundikana: pikipiki ikihesabiwa kuwa gari mara kumi kwa siku, kufikia jioni mfumo utakuwa umedanganya kwa nafasi kumi. Kwa hivyo ni lazima hesabu irekebishwe kila usiku.

Ya pili ni vihisi vinavyofukiwa ardhini au kutundikwa juu ya kila nafasi. Hivi hujua iwapo gari limesimama mahali fulani, lakini ni ghali, vinahitaji betri, na huharibika. Ya tatu ni kamera zinazotazama eneo zima na kuhesabu kwa tarakilishi.

Ya nne ni kukisia kutokana na malipo au mienendo ya simu za rununu. Mwaka wa 2017, kwa mfano, kampuni ya Google ilianza kuwaonyesha madereva wa miji 25 ya Marekani iwapo maegesho ni rahisi au ni magumu kupatikana waendako. Haikuweka kihisi hata kimoja barabarani. Ilitumia kumbukumbu za safari za watumiaji wake, ikiwemo dalili ya gari kufika mahali na kuanza kuzungukazunguka badala ya dereva kushuka.

Mbinu hii ya nne ina mafunzo kwa Kenya. Wakenya wamezoea kulipa kwa simu tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, na serikali za kaunti zimekuwa zikihamisha makusanyo ya ada za maegesho kutoka karatasi hadi mifumo ya kielektroniki. Hata hivyo, kuna kikwazo. Ada inapolipwa mara moja kwa siku nzima, mfumo hujua ni nani aliyelipa asubuhi, lakini haujui aliondoka saa ngapi. Habari za mapato huwapo, lakini habari za nafasi hazipo. Pale ambapo ada hulipwa kwa saa, malipo yenyewe huweza kukisia ni nafasi ngapi zimejaa.

Habari ikichelewa

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni umri wa habari. Kinachomfaa dereva si idadi ya nafasi zilizo wazi sasa, bali idadi itakayokuwapo atakapofika.

Chukua mfano wa nyuga mbili za kuegesha magari upande wa Likoni. Saa moja kamili asubuhi, uga wa kwanza una nafasi 20 na wa pili una nafasi 12. Dereva aliye umbali wa dakika 15 akisoma tarakimu hizo, ataelekea kwenye uga wa kwanza. Lakini tuseme uga huo unapokea magari mawili kila dakika, bila yeyote kutoka, kwa kuwa uko karibu na kivuko. Utakuwa umejaa saa moja na dakika kumi. Uga wa pili, ulio mbali kidogo, unapokea gari moja kila baada ya dakika tano. Dereva angefika huko angekuta nafasi tisa zinamngoja.

Tarakimu zote mbili zilikuwa za kweli ziliposomwa. Iliyokosekana ni habari ya kasi ya kujaa. Ndiposa mifumo iliyokomaa haionyeshi idadi tu, bali hutabiri hali kwa kuzingatia saa, siku na mwelekeo. Hata bango lisilo na tarakimu, linalosema tu "zinajaa haraka", huweza kumfaa dereva kuliko idadi kamili isiyo na maelezo.

Kwa sababu hiyo pia, habari yoyote ya maegesho inafaa kuandamana na saa iliyotolewa. Ujumbe usemao kwamba Likoni hakuna foleni hauna maana kwa anayeusoma dakika 40 baadaye bila kujua uliandikwa lini. Feri moja ikiondolewa kwa ukarabati, hali hubadilika muda si muda.

Wakienda wote kwa pamoja

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Tuseme madereva 50 wanaona kwa wakati mmoja kwamba uga fulani una nafasi 20. Wote wakielekea huko, 30 watakosa. Hao 30 watakuwa wamepoteza muda, na barabara inayoingia ugani itakuwa imefungika hata kwa wasiotafuta maegesho.

Wanauchumi Richard Arnott, André de Palma na Robin Lindsey waliliuliza swali hili mwaka wa 1991: je, kuwapa madereva habari hupunguza msongamano? Jibu lao lilikuwa kwamba si lazima. Habari zisizo kamili zinaweza kuwafanya watu wengi wabadili nia kwa pamoja na kuharibu kile walichokuwa wakikitafuta.

Madereva wa Mombasa wanalijua jambo hili kwa vitendo. Redioni ikitangazwa kwamba foleni ya Likoni ni ndefu, baadhi huelekea Dongo Kundu, wengine huahirisha safari. Faida humwendea yule aliyesikia mapema au aliyefikiria wenzake watafanya nini. Wakenya wamekuwa na majukwaa ya kupashana habari za barabarani kwa miaka kadhaa. Ma3Route, iliyoanza Nairobi mwaka wa 2012, iliwawezesha wasafiri kuarifiana kwa arafa na mtandao kuhusu msongamano na ajali. Nguvu ya majukwaa kama hayo ni wingi wa macho. Udhaifu wake ni kwamba macho hayo huona kilichopo, si kitakachokuwapo.

Somo kutoka San Francisco

Jaribio lililochunguzwa kwa makini zaidi lilifanyika San Francisco, Marekani, kati ya 2011 na 2013, chini ya mradi ulioitwa SFpark. Jiji liliweka vihisi katika nafasi zipatazo 7,000 za kando ya barabara, likaunganisha pia majengo ya maegesho yenye nafasi zaidi ya 12,000, na kuzitoa habari hizo kwa umma kupitia simu na mtandao.

Lakini jiji halikutoa habari peke yake. Lilibadilisha pia ada hatua kwa hatua: mtaa uliojaa kupita asilimia 80 uliongezewa ada, na mtaa uliokuwa na nafasi nyingi ulipunguziwa. Tathmini iliyochapishwa mwaka wa 2014 ilionyesha kwamba muda wa kutafuta nafasi ulipungua kwa asilimia 43 katika maeneo ya mradi, ikilinganishwa na asilimia 13 katika maeneo yasiyohusishwa. Jambo la kushangaza ni kwamba wastani wa ada za barabarani ulishuka kidogo, kwa kuwa mitaa mingi ilikuwa ikitoza zaidi ya iliyostahili.

Vihisi vilizimwa mwishoni mwa 2013. Jiji liliendelea kurekebisha ada kwa kukisia kiwango cha kujaa kutokana na malipo ya mita. Hii ina maana kwamba teknolojia ghali haikuwa nguzo ya lazima. Nguzo ilikuwa kuhesabu kwa uaminifu na kuitumia hesabu hiyo kuwatawanya madereva.

Mawazo hayo yalitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka wa 2025. Alipendekeza kila mtaa uachwe na nafasi moja au mbili wazi wakati wote, yaani takriban asilimia 15, ili anayefika asilazimike kuzunguka. Tafiti 16 alizozikusanya, zilizofanywa kati ya 1927 na 2001 katika maeneo yenye shughuli nyingi, zilitoa wastani wa asilimia 30 ya magari kuwa yalikuwa yakitafuta tu pa kusimama.

Changamwe na mzigo wa matrela

Katika Changamwe, maegesho yana sura nyingine. Trela linalosubiri kuingia bandarini halitafuti nafasi ya saa moja karibu na duka. Linatafuta mahali pa kungojea zamu, na zamu hiyo hutegemea stakabadhi, malipo ya forodha na utayari wa kontena. Dereva asiyejua ataitwa lini husogea karibu kadiri awezavyo, akasimama kando ya barabara ili asipitwe. Wakifanya hivyo mia moja, barabara hugeuka kuwa uga, na wakazi, wanafunzi na abiria wa uwanja wa ndege ndio hulipa gharama.

Suala hili lilipata uzito mpya Septemba 2022, serikali ilipoondoa agizo lililolazimisha makontena kusafirishwa kwa reli ya SGR na kurejesha shughuli za kuidhinisha mizigo Mombasa. Waliofurahia kurudi kwa kazi za malori walijua pia kwamba malori hayo yangehitaji pa kusimama.

Dawa iliyotumiwa na bandari kama Los Angeles na Long Beach ni miadi. Kila lori hupangiwa muda wake wa kuingia. Dereva anayejua kwamba zamu yake ni saa mbili usiku hana sababu ya kusimama Changamwe saa nne asubuhi. Anaweza kungoja Mariakani, apumzike na kula. Hapa, habari ya wakati ndiyo habari ya nafasi.

Sehemu ya mitambo ipo tayari. Tangu 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya mpakani kwa mihuri ya kielektroniki, ambao huonyesha lori liliko. Mfumo huo ulibuniwa kulinda ushuru. Dereva mwenyewe, anayehitaji kujua kama kuna nafasi mbele, si yeye aliyelengwa.

Kinachowezekana bila gharama kubwa

Si lazima Mombasa bara ingoje vihisi ardhini ili ifaidike. Uga wenye lango moja unahitaji bawabu, kitabu na simu. Bawabu akihesabu magari kila baada ya dakika 15 na kutuma idadi pahali pamoja, habari za Likoni, Kisauni na Changamwe zinaweza kutangazwa redioni na kwenye simu zikiwa na mambo matatu: hali ya sasa, saa ya kuhesabiwa, na kama uga unajaa au unapungua.

La pili ni kuziunganisha habari. Kwa dereva wa kusini, idadi ya nafasi Likoni haina maana bila kujua feri ngapi zinafanya kazi. Kwa wa Kisauni, uga ulio karibu na Kongowea haumsaidii ikiwa matatu za kuvuka Daraja la Nyali zimekwama. Anachochagua dereva ni safari nzima, na maegesho ni kipande chake kimoja.

Kwa upande wake, dereva anaweza kujiwekea kanuni. Kabla ya kuondoka, aulize hali ilivyo na pia inavyobadilika. Asikimbilie mahali palipotangazwa na kila mtu ikiwa yuko mbali. Awe na chaguo la pili analoweza kulifikia bila kurudi nyuma, kwani huko Likoni, ukishaingia foleni ya kivuko, kutoka ni vigumu. Na uamuzi wenyewe aufanye kabla ya njia panda: Kibundani kwa anayetoka kusini, na Miritini kwa anayetoka bara.

Muda ambao dereva mmoja huokoa kwa kutozunguka huenda ukawa dakika chache tu. Hata hivyo, kila gari linaloondoka barabarani mapema huacha upenyo kwa matatu iliyobeba abiria 14, na kwa ambulensi inayokimbilia kisiwani.